Daraja E: kwa nini kujua kuendesha lori hakutoshi kukupa leseni ya lori

Mchukulie kijana aliyekaa utingo miaka mingi kwenye Fuso la mahindi, kazi yake Kibaigwa na Dar es Salaam. Gari analijua mpaka mlio wa beringi iliyochoka. Akienda leo kuomba leseni ya lori akiwa hana leseni yoyote mfukoni, atarudishwa. Jirani yake ambaye ana leseni ya D na miaka mitatu amekuwa akisambaza soda kwa kirikuu mitaa ya Majengo na Area A, hajawahi hata kukaa kiti cha dereva wa semi, lile lori la kichwa kinachovuta tela, huyo anaruhusiwa kuomba. Utingo anaona kaonewa. Kuna mahali ana haki ya kulalamika na kuna mahali hana, na mkanganyiko mwingi kuhusu leseni ya malori umejificha hapo katikati.

Swali lenyewe limekuwa la moto Dodoma. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, tipa za mchanga na kokoto na semi za saruji hazijapumzika. Barabara kuu ya kati nayo inapita mlangoni: inatoka Dar es Salaam na Morogoro, inapita Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Manyoni, Singida na Nzega mpaka Rusumo mpakani mwa Rwanda. Treni ya SGR imefika Dodoma mwaka 2024, lakini gunia la alizeti bado linatolewa kijijini kwa lori. Kazi zipo, na vijana wanazitaka.

Tuanze na herufi. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, leseni zimegawanywa kwa madaraja. A na vijukuu vyake ni vya pikipiki na bajaji. B ni gari la mtu binafsi. C ni ya kubeba abiria, nayo ina ngazi: C3 kwa gari la abiria wasiozidi 4, kisha C2, kisha C1 ya abiria 15 mpaka 30, na C yenyewe kwa basi la abiria 30 na kuendelea. D inakuruhusu kuendesha magari yote isipokuwa pikipiki, magari mazito na magari ya abiria. Ndiyo ya pikapu na kirikuu cha kazi. E inafungua mlango wa magari mazito, lakini bado inakataza pikipiki na abiria. H ni ya anayejifunza.

Watu hukwama hapa kwa sababu mbili. Kwanza, wanadhani E ni "kubwa kuliko zote", kwamba mwenye nayo anaweza kushika na basi. Hawezi. E na C ni njia mbili tofauti, moja ya mzigo, nyingine ya roho za watu. Pili ni YouTube. Kijana anatazama video za Ulaya, anasikia dereva wa lori anatafuta "C" na mwenye tela anatafuta "CE", anakwenda chuoni kuuliza kozi ya C. Huko kwao C ni lori kweli, lakini hapa ukiomba C umeomba basi.

Sharti linalomrudisha utingo wetu ni hili: mwombaji wa E anatakiwa awe ameshika D kwa muda usiopungua miaka 3. Hakuna mtihani unaofuta sharti hilo, na hakuna ujuzi wa gereji unaolipunguza. Saa inaanza kuhesabu siku D inapoingia kwenye leseni, si siku ulipoanza kujua gari. Kwa hiyo kijana mwenye ndoto ya semi, anapokwenda mara ya kwanza kutahiniwa, ahakikishe anaomba na D, asiishie B kwa kuwa tu gari la shule ya udereva lilikuwa saluni. Wapo wanaokuja kulitambua hilo baadaye, na wanaanza kuhesabu upya.

Je, sharti lina mantiki? Nusu. Miaka mitatu barabarani inampa mtu macho: anamjua bodaboda anayechomoka bila kutazama, anajua ng'ombe wa Bahi hawasomi alama. Hilo ni jambo la maana kabla ya kumkabidhi tani 50. Lakini kirikuu hakimfundishi hata kitu kimoja kuhusu breki za upepo, na hapo ndipo utingo anapomzidi. Tatizo ni kwamba elimu ya utingo haina cheti, na inabeba mazuri na mabaya ya bosi wake kwa pamoja. Kama dereva aliyemlea alikuwa anashuka milima kwa kuweka frii ili kuokoa dizeli, utingo naye ataamini huo ndio ujanja.

Nani anatoa nini

Katika safari hii utakutana na ofisi kadhaa, na kila moja inakuuliza swali lake. Chuo kinathibitisha kwamba umefundishwa. VETA, yaani mamlaka ya ufundi stadi, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, ndivyo vya umma vinavyojulikana zaidi kwa kozi za magari makubwa. VETA wana chuo Dodoma, na kile cha Kihonda, Morogoro, kina jina katika mafunzo ya udereva. Cheti cha chuo si leseni, hata kama kimepigwa muhuri wa rangi gani.

Anayekutahini ni polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Ukifaulu, wao ndio wanaothibitisha umahiri wako kwa daraja uliloomba. Lakini polisi hawakupi kadi. Kadi inatoka Mamlaka ya Mapato, TRA, ndiyo maana mtu asiyewahi kuuza hata karanga anatakiwa awe na TIN, namba ya mlipakodi, ile isiyo ya biashara, kabla ya kushika usukani. TRA haijui kama unaweza kurudi nyuma na tela na wala haiulizi. Inaangalia wewe ni nani, polisi wamekupitisha, na umelipa. Tangu mwaka wa fedha 2019/2020 leseni inadumu miaka 5 kwa Sh 70,000. Zamani ilikuwa miaka 3 kwa Sh 40,000.

Ukiielewa mipaka hiyo, utamtambua kishoka kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Anayekuambia ana mtu TRA atakayekuandikia E bila kwenda polisi anakuuzia karatasi ambayo siku ya ajali bima na mahakama zitaichambua neno kwa neno.

Halafu kuna LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ambayo wengi huisikia wakiwa tayari na leseni mkononi. Sheria iliyoiunda mwaka 2019, ilipochukua nafasi ya SUMATRA upande wa nchi kavu, imeipa pia kazi ya kusajili na kuthibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara. Leseni inasema unaweza kuendesha. Uthibitisho wa LATRA unahusu kuifanya kazi hiyo kwa malipo. Vyote viwili vinahitajika, na kimoja hakifuti kingine.

Upepo

Sasa tuingie chini ya gari, kwa sababu mwanafunzi anayetoka kwenye D huja na imani moja ya hatari: kwamba lori ni gari lake lile lile, limeongezwa ukubwa. Anahangaika na gia. Anauliza gia 12 zinakaaje, lini unapiga klachi mara mbili, kile kitufe cha kupandisha kundi la gia kinafanya nini. Gia zitamjia, wiki si nyingi. Kitu cha kukitolea jasho ni breki.

Kwenye gari dogo, mguu wako unasukuma mafuta na mafuta yanasukuma breki. Kwenye lori mguu haufanyi kazi hiyo. Unafungua tu vali. Kazi inafanywa na upepo uliojazwa kwenye matanki chini ya chesisi na kompresa inayoendeshwa na injini. Ndiyo maana asubuhi dereva anawasha gari, anakaa, anasubiri mshale wa geji ya upepo upande mpaka karibu na baa 8, mpaka asikie ile "pssshh" ya vali inayotema upepo uliozidi. Asiyejua anadhani dereva anavuta muda. Kabla upepo haujajaa, lori haliondoki hata ukilitukana, kwa sababu breki ya mkono ya lori ni springi yenye nguvu kubwa inayobana muda wote, na upepo ndio unaoizuia isibane.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, maana imegeuza kila kitu ulichozoea. Upepo ukiisha, lori linajifunga. Tela nalo ni hivyo hivyo: linaunganishwa na kichwa kwa hosi mbili, nyekundu inayolijaza upepo muda wote na njano inayolipelekea amri ya mguu. Hosi nyekundu ikikatika, tela linafunga magurudumu lenyewe hapo hapo.

Basi zile habari za "lori lilikatika breki likaparamia nyumba" zinatoka wapi? Mara nyingi upepo ulikuwepo. Kilichokwisha ni msuguano. Dereva ameshuka mlima mguu ukiwa juu ya breki, ngoma za breki zimepata moto, chuma cha moto kimetanuka na kujitenga na viatu vya breki, na viatu vyenyewe vimepoteza uwezo wa kukamata. Anakanyaga mpaka chini, hakuna kitu. Anavuta breki ya mkono, na yenyewe hakuna kitu, kwa sababu inabana ngoma zile zile zilizoungua.

Hesabu yake si ngumu, na inashangaza hata madereva wazoefu. Nishati ya kusimamisha gari kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari yanayozidi kilo 3,500 nje ya miji, ni kiasi fulani cha joto ambacho lazima breki zikimeze. Ukishuka mlima mita 100 za wima bila kuongeza mwendo, joto linalotakiwa kumezwa ni kama mara 4 ya hilo. Haijalishi umebeba saruji au pamba. Uzito unazidisha pande zote mbili sawa. Sasa nenda Sekenke, wilayani Iramba, njia ya kutoka Singida kwenda Igunga, ambako mteremko unazidi mita hizo 100. Au Nyang'oro, ukitokea Iringa unakuja Mtera. Hakuna ngoma ya breki iliyotengenezwa kubeba mlima huo peke yake.

Anayetakiwa kubeba mlima ni injini. Unaingia kwenye gia nzito kabla ya mteremko kuanza, siyo katikati, na unawasha breki ya ekzosti kama gari linayo. Injini inalishika gari. Mguu unakuja mara moja moja kwa nguvu ya kutosha kushusha mwendo, kisha unaachia ngoma zipoe. Kupigapiga pedali kama mtu anayepampu baiskeli ni kosa jingine, maana kila mguso unakula upepo. Na yule anayeweka frii? Amekata uhusiano wa injini na magurudumu. Akishtuka katikati ya mteremko mwendo umeshapanda, gia haikubali kuingia tena. Dizeli aliyookoa haifiki hata bei ya bomba la upepo.

Kuna jambo dogo linaloendana na hili. Upepo unachelewa kusafiri. Kutoka kukanyaga mpaka breki za tela la nyuma kabisa zishike, inaweza kupita kama nusu sekunde. Kwa kilomita 80 kwa saa hiyo ni mita 11 umeshazitembea kabla gari halijaanza kupungua. Mwenye kirikuu anayejichomeka mbele ya semi pale Ihumwa hajui kwamba ameikalia nafasi hiyo.

Kurudi nyuma

Ukitaka kuona watu wazima wakitokwa jasho bila jua, nenda kwenye uwanja wowote wa maghala upande wa Kizota mwanafunzi anaporudi nyuma na tela kwa mara ya kwanza. Anataka nyuma ya tela iende kushoto, anakata usukani kushoto kama alivyozoea, tela linakwenda kulia. Anaongeza. Tela linazidi kulia, kichwa kinalikaribia ubavuni, na mwalimu anapiga bati la mlango kwa kiganja: "Simama! Simama dogo! Vuta mbele, nyoosha, anza upya." Dogo anavuta mbele. "Usukani kulia kidogo. Kidogo, nimesema. Haya, tela si hilo linakwenda kushoto? Sasa mfuate, usimwache akukunje."

Nusu ya pili ya maneno ya mwalimu ndiyo ngumu. Kuanza kukunja tela ni rahisi: usukani kinyume. Kazi ni kulifuata, yaani kuurudisha usukani upande wa pili mapema kabla pembe haijawa kali mpaka lori lijikunje. Wanaofanikiwa wana tabia moja: wanakata kidogo, wanakwenda polepole, na hawaoni haya kuvuta mbele na kuanza upya. Mwenye kiburi huvunja taa.

Mbele nako tela lina hila zake. Halifuati njia ya kichwa, linakata ndani. Kwenye kipilefti, na Dodoma imebarikiwa vipilefti, ukiwa ndani ya mzunguko magurudumu ya tela yanaukaribia ukingo wa katikati, upande wa kulia. Ukitoka kwa kukata kushoto, yanahamia kushoto, na huko ndiko bodaboda hupenda kujipenyeza. Dereva mzuri hapo macho yake yako kwenye saitimira kuliko kwenye kioo cha mbele.

Siku ya mtihani na baada yake

Kutahiniwa kwenyewe, ukilinganisha na hayo, ni kufupi. Kuna alama na sheria za barabarani, kuna kulizunguka gari ukilikagua, kuna kurudi nyuma, kuna kuondoka mlimani bila kurudi, kuna barabara yenyewe mtahini akiwa pembeni. Wanaoanguka mara nyingi hawaanguki kwenye kitu kikubwa. Mtu amekagua matairi yote vizuri, akapanda, akawasha, akaondoka bila kutazama geji ya upepo. Au amerudi nyuma kwa ustadi bila hata mara moja kutoa ishara. Mtahini anatafuta mpangilio wa kichwa chako, na vitu vidogo ndivyo vinavyouonyesha.

Kitu ambacho hautakutana nacho sana kwenye mtihani, lakini utakikuta wiki ya kwanza ya kazi, ni mizani. Kwa viwango vya Afrika Mashariki, vinavyotokana na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, jumla ya uzito haitakiwi kuzidi tani 56. Wengi wanaishika namba hiyo tu na kuingia matatani, kwa sababu pale Nala ya Dodoma au Njuki ya Singida gari linapimwa pia kwa mihimili, yaani ekseli: ule wa usukani tani 8, miwili ya pamoja yenye matairi pacha tani 18, mitatu ya pamoja tani 24. Jumlisha: semi ya kawaida yenye mihimili 6 inafika tani 50, haifiki 56. Na hata ukiwa na 48, magunia yakirundikwa mbele ya tela, mihimili ya kichwa itazidi na utapigwa faini ukiwa chini ya jumla. Dereva anayelala kwenye kabini wakati wanapakia Kibaigwa, akiwaachia makuli wapange wanavyoona, atapanga mwenyewe kwa mikono mbele ya mizani.

Limebaki jambo ambalo mimi naliona kama tundu kwenye mfumo wetu. E ni moja. Haitofautishi Fuso la mihimili miwili na semi ya tani 50. Ulaya wanatenganisha, lori lisilo na tela na lori lenye tela ni mitihani miwili. Hapa mtu akishapata E, kwa maandishi anaruhusiwa yote, hata kama kingpini, ile pini inayofunga tela kwenye kichwa, ameiona kwenye picha tu. Waajiri wanalijua hilo, kwa hiyo kampuni za usafirishaji zinazojiheshimu zina mtihani wao wa pili: wanakupa funguo, wanakuambia ufunge tela, ukague hosi, urudi nyuma mpaka kwenye ghala, na leseni yako imekaa mezani haijaguswa.

Kwa hiyo unapotafuta chuo cha magari makubwa, kabla ya kuuliza ada, uliza wana gari gani, lina tela au halina, breki zake ni za upepo au za mafuta, na kila mwanafunzi anakaa kwenye usukani saa ngapi peke yake badala ya kutazama wenzake akiwa nyuma. Omba ulione likiwaka. Kama hawana tela, watakufundisha Fuso kwa bei ya semi, na nafasi ya kujifunza kurudi nyuma utaitafuta kwa kubembeleza madereva Kizota siku za Jumapili.